Miaka miwili nameza omeprazoli, hakuna aliyewahi kunipima bakteria!

Wakuu, mnivumilie leo, maana yamenifika shingoni.

Nina vidonda vya tumbo mwaka wa pili huu. Maumivu yanakaa hapa chini ya chembe cha moyo, yananiamsha saa nane usiku, nalala magoti yamegusa kidevu hadi kunakucha. Kila nikienda kutibiwa naondoka na kitu kilekile: omeprazoli, vidonge 28, na ushauri wa "punguza mawazo, acha pilipili". Nameza, napata nafuu, vidonge vinaisha, wiki mbili hazipiti maumivu hayo. Narudi, napewa 28 vingine. Mara ya tano nikaacha kuhesabu.

Muda wote huo hakuna aliyetamka neno bakteria. Hakuna!

Jambo lenyewe wala si geni. Madaktari Warren na Marshall walimtambua H. pylori, bakteria anayeishi tumboni na kusababisha vidonda, kule Perth, Australia, mwaka 1982. Wenzao walipowabishia, Marshall akamnywa mwenyewe mwaka 1984, tumbo likamwaka. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mimi leo naambiwa nina mawazo. Mawazo yangu ni hili tumbo, daktari!

Omeprazoli yenyewe siilaumu. Inazifunga pampu zinazomwaga asidi tumboni, asidi inapungua, kidonda kinapata nafasi ya kufunga. Lakini kama mdudu yupo, dawa ikiisha anaendelea na kazi yake. Na hata kuimeza sikufundishwa. Nilikuwa nameza usiku baada ya kula, nikijiona mgonjwa mtiifu. Inatakiwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, ili pampu zinapoamshwa na chakula dawa iwe imeshafika. Hilo nimelisoma mwenyewe kwenye kile kikaratasi cha ndani ya boksi, miaka miwili baadaye. Kulisema ni sekunde kumi tu.

Kilichonipasua roho ni hiki. Nilienda na maumivu ya mgongo. Mtu yuleyule, faili langu liko wazi mbele yake, limeandikwa vidonda vya tumbo, akaniandikia diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Dawa za jamii hiyo, na ibuprofeni na aspirini zimo, zinaondoa kinga ya ukuta wa tumbo, na hata peke yake zinaweza kuchimba kidonda. (Kama unatumia aspirini kwa ajili ya moyo, usiache kwa sababu ya uzi wangu, mwambie daktari wako akulinde tumbo.) Siku ya nne nikapata choo cheusi tii, kinanata kama lami, harufu yake si ya kawaida. Nikainuka, ukuta ukazunguka, nikakaa chini sakafuni. Ile ilikuwa damu. Ningechelewa kidogo, nisingekuwa naandika hapa.

Ndipo nikaingizwa mpira wenye kamera. Kidonda kipo pale utumbo mwembamba unapoanzia. Wakanyofoa kinyama kidogo wakakipima: H. pylori huyo hapo. Miaka miwili!

Nikapewa omeprazoli na antibiotiki mbili, amoksisilini na klarithromaisini, mara mbili kwa siku, siku 14. Mdomo mzima ladha ya chuma, tumbo linaendesha, lakini sikuruka hata dozi moja, maana ukikatisha unamwachia mdudu nafasi ya kuizoea dawa.

Nikadhani yameisha. Juzi naenda kuhakikisha kama amekufa, naambiwa, "Dada, toa damu." Damu ya nini? Kipimo cha damu kinaangalia kinga ambazo mwili umetengeneza kupigana na mdudu, na hizo zinabaki miezi mingi hata mdudu akishakwisha. Ningeambiwa bado ninaye, nianze dozi upya bure! Nimekataa. Nataka kipimo cha choo au cha pumzi, wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, na omeprazoli niwe nimeiacha wiki mbili, kwa sababu inaweza kumficha.

Leo ni siku ya tisa bila omeprazoli. Asidi imerudi kwa fujo, kiungulia hadi kooni, napoza na dawa ya maji ya kutuliza asidi na kulala nimeinua kifua. Zimebaki siku tano. Nikishapeleka kikopo changu narudi hapa na majibu. Na kama kuna mwingine anameza omeprazoli mwezi baada ya mwezi bila kupimwa, aseme ni muda gani sasa.