Dawa za matende huku njia ya Pangani: mnahesabu zilizogawiwa au zilizomezwa?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nimefura, kwa hiyo mtanivumilia. Wahusika wa kingatiba, hili zoezi la kugawia kijiji kizima dawa za kuzuia matende, kama mmo humu, someni mpaka chini. Mkiwa na majibu leteni majibu, msituletee picha za uzinduzi.

Niko Tanga, huku njia ya kwenda Pangani. Kijiji sikitaji kwa sababu nikikitaja tu mtamjua mgawa dawa wetu, na yule dada wa watu hana kosa kuwashinda waliomtuma. Alikuja na fimbo yake ya kupimia urefu, mkoba wa vidonge na daftari. Nyumbani akamkuta mama, bibi na watoto. Wanaume hakuna: huyu kaenda baharini, huyu yuko kwenye bodaboda, huyu kapanda gari la Tanga mjini kuhangaikia riziki. Waliokuwepo akawasimamisha kwenye fimbo, akawapa, wakameza. Halafu akachana karatasi ya daftari, akafunga vidonge vifurushi vifurushi: "Hivi vya baba, hivi vya kaka." Akatuandika wote, akashika njia. Huko vitabuni nyumba yetu nzima imekunywa dawa.

Vya kaka viko juu ya kabati mpaka naandika hapa. Vya mzee nilivikuta uani, kuku wanavidonoa.

Sasa hebu niambieni, ile fimbo ni ya kazi gani? Kwa asiyejua: ivamektini, moja ya dawa mbili tunazopewa, inatakiwa itolewe kwa uzito wa mtu. Kwa kuwa kuzunguka na mizani kijiji kizima ni tabu, wataalamu wakaona urefu unaweza kukisia uzito. Mwenye sentimita 90 mpaka 119 anapewa kidonge kimoja, 120 mpaka 140 viwili, 141 mpaka 158 vitatu, kuanzia 159 vinne. Aliye chini ya 90 hapewi, mjamzito hapewi, mgonjwa aliyezidiwa hapewi. Juu yake kila mtu anaongezewa kimoja cha albendazoli, ile dawa ya minyoo. Haya, mtu ambaye yuko maji makuu anavua umempimaje? Kwa kandambili alizoacha mlangoni? Na umejuaje kwamba huko aliko si mgonjwa?

Utaratibu wenyewe wa zoezi hili unasema mtu ameze mbele ya mgawaji. Ameze, aonekane amemeza, ndipo jina liandikwe. Hilo si langu. Ndivyo kingatiba ilivyopangwa, na imepangwa hivyo kwa sababu, wakuu, na sababu yenyewe hakuna aliyekuja kutueleza huku hata kwa kipaza sauti cha msikitini.

Ngoja niieleze mimi basi, mimi muuza samaki.

Matende na busha vinaletwa na mnyoo mwembamba kama uzi unaokaa kwenye mishipa ya limfu. Mnyoo mkubwa anaishi humo miaka sita hata minane, na muda wote huo anazaa watoto wadogo mno, kwa mamilioni, wanaoingia kwenye damu. Wana ujanja wao: mchana wanajificha, usiku wa manane wanatoka kwenye damu ya juu, saa zile zile mbu anapotuuma. Ndiyo maana wazee wanakumbuka watafiti waliokuwa wakigonga hodi usiku kuomba tone la damu, watu wakadhani ni wanyonya damu. Mbu akinyonya wale watoto, wanakua ndani yake, kisha anakwenda kumpandikiza mtu mwingine.

Vidonge tunavyopewa vinawamaliza wale watoto walio kwenye damu. Mnyoo mkubwa havimuui sawasawa, vinamdhoofisha tu, baadaye anaanza kuzaa tena. Ndiyo sababu dawa inarudi kila mwaka, kwa miaka isiyopungua mitano, mpaka wakubwa wafe kwa uzee bila kuacha mbegu. Na ili hesabu hiyo ikubali, Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 65 ya watu wote wa eneo wameze kila awamu. WAMEZE. Hawakusema wagawiwe. Akibaki kundi la wanaume watu wazima ambao hawajawahi kumeza hata mwaka mmoja, basi hao ndio ghala. Mbu anachota kwao na kuwagawia watoto wetu waliomeza.

Sasa tazameni kwetu hao wasiomeza ni akina nani. Wavuvi. Bodaboda. Vijana wa minazini. Walewale wanaokesha nje na mbu, na walewale ambao busha ni ugonjwa wao. Na mgawaji anapita saa nne asubuhi! Jamani, saa nne asubuhi mvuvi yuko wapi? Kama mnamtaka, njooni mwaloni anapoteremsha samaki, au barazani baada ya isha watu wanapocheza bao. Mbona wagombea wakitaka kura wanatuona saa hizo?

Kinachoniuma ni kwamba hili jambo halijaanza juzi. Mpango wa taifa ulianza mwaka 2000 kisiwani Mafia, mkoa wetu ukaingia 2004. Kwenye vituo vya utafiti vya hapo Amani, milimani kwetu Muheza, na Bombo mjini, mbu na minyoo vimechunguzwa tangu enzi za mkoloni. Sijui kama kuna pwani ya Afrika iliyotobolewa vidole kuliko ya Tanga. Dunia ilijiwekea mwaka 2020 iwe imemaliza matende, ikapita, sasa inasemwa 2030. Togo walithibitishwa kuwa wameondokana nayo 2017. Malawi, hawa hapa jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, 2020. Na dawa hainunuliwi hata shilingi, kampuni zinazoitengeneza zinaitoa bure. Tumeletewa bure, tumeshindwa kuihakikisha inafika tumboni.

Najua atakuja mtu hapa aseme "watu wenyewe ndio wabishi, wanakataa dawa". Nimelitarajia hilo. Wanakataa, ndiyo. Kijana wa jirani kaniambia waziwazi: "Kaka, hivyo vinamaliza nguvu za kiume." Mwingine anasema ni uzazi wa mpango wa kificho. Mwingine, huyu ni mzee mzima na kanzu yake, anasema kwanza busha halitokani na mbu, linatokana na madafu. Mtu kazaliwa pwani, kazungukwa na minazi, na anaamini maji ya dafu yanashuka moja kwa moja yanajaa kwenye korodani. Watu wa bara nao wakishuka hapa Tanga wanatucheka kwa hilohilo, tukimpa dafu anauliza kwanza halitampa mshipa. Dafu halina mnyoo, ndugu zangu. Sehemu zenye minazi ndizo sehemu zenye joto na mbu wengi, basi, watu wakaona vitu viwili pamoja wakafunga ndoa. (Kifuu kilichotupwa na maji ya mvua, hicho sawa, kinazalisha mbu, ila wengi ni wale wa dengue.)

Lakini uvumi hauoti mahali penye maelezo. Mtu anakuja kwako, hakusalimii vizuri, anakusimamisha ukutani anakupima kama ubao, anakupa vidonge vitano kwa mkupuo wakati huumwi popote, ukiuliza ni vya nini anakwambia "vya matende, meza". Ukisema "mimi sina matende", jibu hana. Hata mimi ningekataa. Mtu anatakiwa aambiwe kwamba unaweza kubeba mnyoo miaka na miaka bila mguu kuvimba wala nini, na ukawa unawaambukiza wanao kupitia mbu. Sentensi moja tu hiyo! Inagharimu nini?

Na lingine linalofichwa kama siri ya jeshi ni maudhi ya dawa. Ukimeza dawa ukiwa na wale watoto wengi kwenye damu, wakifa kwa pamoja mwili unashtuka: homa, kichwa, kizunguzungu, viungo kuuma, wengine korodani kuvimba kidogo. Kwa kawaida hupoa baada ya siku chache. Maana yake ni kwamba dawa imekuta kazi. Asiye na wadudu mara nyingi hasikii kitu. Sasa kwa kuwa hakuna aliyeambiwa, mtu mmoja akilala na homa usiku ule, asubuhi kijiji kizima kina habari kwamba fulani kapewa sumu. Mwaka unaofuata nani atameza? Mwaka 2008 kule Morogoro ilizuka vurugu mashuleni kwa ajili ya dawa za kichocho na minyoo, wazazi wakavamia shule wakiamini watoto wao wanauawa. Nilidhani somo lile lilitosha.

Halafu kuna walioachwa kabisa, ambao kidonge hakiwasaidii tena. Mjomba wangu ana busha tangu mimi niko shule ya msingi. Vidonge havitoi busha lililokwishajaa, linaondolewa kwa upasuaji, na ni upasuaji unaojulikana, wala si wa kupelekwa India. Mjomba hakai barazani na wenziwe, hapandi pikipiki, harusini anakwenda usiku tu na msuli mpana. Alipojikaza akaenda hospitali moja, sitaitaja, akaambiwa asubiri "kambi ya madaktari". Itakuja lini? Haijulikani. Akitaka sasa hivi alipie mwenyewe. Nesi akamtania mbele ya watu kuhusu, mmekisia, madafu. Hajarudi tena. Na mwaka huu wagawaji walipopita akawafungia mlango, akasema vidonge vyao wavile wenyewe. Nani wa kumlaumu? Mtu akimwona jirani yake amepasuliwa, amepona, anapanda boda na kucheka, yeye mwenyewe atamfuata mgawa dawa. Mjomba wangu angekuwa mhamasishaji kuliko mabango yenu yote.

Na mbu je? Au kazi yao imesamehewa? Huku vijijini anayeleta ni mbu yuleyule wa malaria, chandarua kinasaidia. Ila mkifika mjini na kwenye vituo vyenye nyumba zilizobanana, ni yule mbu mwingine wa chooni, kyuleksi, anayezaa kwenye mashimo ya vyoo, karo zilizopasuka na mitaro ya maji machafu. Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 watafiti walimwaga punje za plastiki nyeupe nyepesi, zile za kufungashia redio, kwenye vyoo na makaro. Zikaelea juu ya maji zikafanya tabaka. Viluwiluwi wakakosa pumzi, jike akakosa pa kutagia, huku watu wakipewa dawa. Mbu walipungua vibaya mno, na matende yakafuata kushuka. Ni Zanzibar hapo, ng'ambo tu, siku ya hewa safi unaweza ukasema unaiona. Sisi karo la soko letu limefurika tangu mvua za masika na kila mkubwa anaruka juu yake na suruali kaikunja.

Ninachotaka, na wenye mamlaka wasome: daftari liwe na safu ya "amemeza" na asiandikwe asiyeonekana akimeza. Mgawaji aongezewe posho apite jioni na alfajiri mwaloni. Vidonge vya kuachiana kwenye karatasi vikome leo. Na hao wenye mabusha waorodheshwe kwa staha, wapewe tarehe. Tarehe, si ahadi.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Anayesema nimemchongea mgawa dawa, rudia kusoma. Dada yule anatembea kijiji kizima kwa miguu kwa posho ya nauli, na anadaiwa idadi ya majina jioni. Ukimdai mtu majina, atakuletea majina.

Aliyeuliza kwa nini hatupewi ile dawa nyingine inayotumika nchi nyingine, DEC: ni kwa sababu ya usubi, ugonjwa wa mnyoo mwingine unaoletwa na inzi wadogo weusi. Milimani kwetu Usambara kuna usubi, na mwenye vijidudu vya usubi akimeza DEC anaweza kupata madhara makubwa, mpaka ya macho. Kwa hilo sina ugomvi na wataalamu.

Na wewe uliyeandika "watu wa Tanga punguzeni madafu", nimekuona. Mtauliza, na vile vidonge vya juu ya kabati, kaka yangu amevimeza leo mchana? Hajavimeza, na vizuri asivimeze, vilipimwa kwa urefu wa nani? Nimempigia mgawa dawa, kasema fimbo na dawa zilizobaki ameshazirudisha, zoezi limefungwa na taarifa imeshapanda juu.