Uzamili: magonjwa ya mimea au mikrobiolojia ya mazingira?

Chipukizi: Habari zenu wanajukwaa. Nina shahada ya kwanza ya biolojia na ninatakiwa kuchagua kati ya fani hizi mbili. Ninavutiwa na viumbe wa udongoni, lakini nataka utafiti wangu umfikie mkulima. Naomba ulinganisho wa wenye uzoefu.

Tabibu wa Mimea: Fani yetu huanza na mmea unaoumwa. Utafundishwa kukithibitisha kisababishi kwa kanuni za Koch, yaani kukitenga kimelea, kukiotesha peke yake, kuambukiza nacho mmea wenye afya, kisha kukipata tena kilekile. Mara ya kwanza nilipokata shina la mnyanya ulionyauka na kulining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, uzi mweupe kama maziwa ulishuka taratibu kutoka penye mkato. Walikuwa bakteria wa Ralstonia, na tangu siku hiyo sikutamani fani nyingine.

Udongo Hai: Kanuni hizo zinadai kimelea kinachokubali kuoteshwa, ilhali sehemu kubwa ya bakteria wa udongoni hawaoti kwa njia za kawaida za maabara. Ndiyo maana sisi husoma DNA ya jamii nzima ya vijidudu moja kwa moja kutoka kwenye sampuli. Jiandae kwa takwimu na kompyuta kuliko darubini. Wengi huingia bila kulijua hilo, wakataabika.

Mkongwe wa Maabara: Mpaka huo kati ya fani hizi mbili haukuwapo zamani. Martinus Beijerinck, mwanasayansi wa Uholanzi, alitenga bakteria wa vinundu vya mizizi ya mikunde mwaka 1888, na mwaka 1898 huyohuyo akaeleza kuwa batobato ya tumbaku, ugonjwa wa mabaka ya majani, huletwa na kitu kinachopenya kichujio kinachozuia bakteria, yaani kile tunachokiita leo kirusi. Chipukizi, swali lako limo katika udongo unaojikinga: ngano ikilimwa mfululizo mahali pamoja, uozo wa mizizi unaoletwa na kuvu ya Gaeumannomyces huzidi kwanza, kisha unaweza kupungua wenyewe, kwa kuwa bakteria wa Pseudomonas wanaotengeneza kemikali ya kuidhuru kuvu hiyo wameongezeka mizizini. Ningekushauri usome magonjwa ya mimea, ukiwa na msimamizi wa pili kutoka mikrobiolojia, kwa sababu uchambuzi wa DNA utaupata hata baadaye, lakini jicho la shambani hulelewa na misimu.

Udongo Hai: Hapo nakubali, mradi msimamizi wa pili awepo tangu andiko la utafiti, si baada ya sampuli kukusanywa.

Chipukizi: Nashukuru sana. Ninamwandikia leo msimamizi ninayemtarajia, nimuulize kama ataridhia usimamizi wa pamoja.