Msaada wa mafuriko: apewe mwenye nyumba au anayelala ndani?

Mtoa hoja, Mwanakwerekwe, Zanzibar
Assalamu alaykum. Kila masika, Machi mpaka Mei, tunaandikana maji yakishaingia ndani. Mimi nimepanga chumba bondeni. Maji yalipotufika magotini usiku nilibeba watoto watatu nikakimbilia skuli. Orodha ya msaada ilipopita, aliyeandikwa ni mwenye nyumba, anayeishi kwengine, hata kanga haikumlowa. Magodoro yangu na unga wangu viliharibika, na cherehani inayonilisha ilishika kutu. Nikaambiwa mpangaji hana lake.

Nasema orodha iandikwe Februari, shehia kwa shehia, yaani kila mtaa ulio chini ya sheha wake, na imhesabu anayelala, si anayemiliki. Yumo mpangaji, yumo mjane aliyestiriwa ukumbini kwa nduguye, yumo kijana anayelala kwenye banda lake la biashara. Na mgonjwa asiyeweza kutembea ijulikane mapema nani atambeba. Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar tunayo, na sheria ya maafa ya mwaka 2015 ipo.

Jibu, Magomeni
Pole sana dada. Ila wapangaji wanahama. Utakayemwandika Februari, Aprili humkuti. Tena ukigawa kwa kila anayelala, watu watajazana bondeni. Dawa ni kuwatoa kabisa.

Mtoa hoja
Kaka yangu, nani atahamishia watoto kwenye maji kwa sababu ya mchele? Tupo bondeni kwa kuwa kodi yake ndiyo tunayoiweza. Ukitutoa bila ya kutuonesha pa kwenda, tutapanga bonde jengine. Na hilo la kuhama, mpangaji haingii mtaani bila ya kujulikana kwa sheha. Akihama, jina lifutwe huku liandikwe kule. Pensheni jamii, ile ya serikali kwa wazee wote, ilipoanza Aprili 2016, mzee wa miaka 70 na zaidi alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi, hakuulizwa kama nyumba anayokaa ni yake. Kama kwa wazee iliwezekana, kwa waliofikwa na maji inashindikana nini?

Jibu, Wete
Mimi nakuunga mkono, na nakuongezea la huku Pemba. Maji ya bahari yanapanda mpaka kwenye mabonde ya mpunga, chumvi inaua kila kitu. Wengi wetu tunalima mabonde ya kuazima. Mbegu zetu, nguvu zetu, njaa yetu. Hiyo orodha yako ya Februari, muazimaji naye mtamwandika?