Mnaonunua magari ya zamani ya maiti kwenda kuyabamiza uwanjani, mnaharibu kitu ambacho hakitaundwa tena

Wakuu, nawasalimu, ila leo sijaja kupiga soga. Nina hasira na ninaimwaga hapa.

Kuna mwenye kampuni ya mazishi kwenye mji mmoja mdogo huku Ohio, Marekani, ninakoishi. Jina lake silitaji. Nyuma ya ofisi ana ghala, na ndani ya ghala kulikuwa na Cadillac ya 1966 ya kubebea maiti, bodi yake imeundwa na kampuni ya Superior ya mji wa Lima, hapa hapa Ohio. Baba yake ndiye aliyeinunua ikiwa mpya. Tulishaelewana bei, tukapeana mikono, na amana akaipokea. Nilichomwomba ni anivumilie theluji iyeyuke nije na trela. Theluji ikaisha, simu hapokei. Baadaye amana ikarudi kwa posta: hundi ndani ya bahasha, hata neno moja la samahani hakuna.

Gari nimekuja kuliona tena kiangazi, kwenye maonyesho ya kaunti, katika yale mashindano ya kugonganisha magari mpaka libaki moja linalotembea. Vioo vyote vimeng'olewa, maana sheria za mchezo haziruhusu kioo. Mapazia hayapo. Vile vyuma vya kromu vya umbo la S vinavyokaa ubavuni kwa nyuma vilikuwa bado pale pale, vimepulizwa rangi ya chungwa, na namba ya mashindano imechorwa juu yake. Mlango wa nyuma, ule mmoja mpana unaopitisha jeneza, ulibonyea kwenye pigo la kwanza. Watu wanashangilia. Niliondoka kabla halijazimika.

Sasa kabla hamjaniambia "mkuu, si gari la maiti tu, tafuta jingine," naomba msome kwanza.

Cadillac haikuwa ikiunda magari haya. Ilikuwa inauza chasisi maalumu: fremu ndefu, injini, gia, boneti na uso wa mbele. Kuanzia kioo cha mbele kwenda nyuma, hakuna kitu. Chasisi hiyo inapelekwa Lima kwa Superior, au Piqua kwa Miller-Meteor, au Cincinnati kwa Hess & Eisenhardt, na huko mafundi wanaunda paa, milango, ubavu, sakafu, kila kitu. Nyumbani wanaojua mabasi watanielewa haraka: chasisi inakuja ya Scania au Isuzu, bodi inaundwa na karakana zetu, na mtu mwenye jicho anajua bodi ni ya nani hata likiwa mbali. Ni hivyo hivyo. Superior huyo huyo alikuwa akiunda na mabasi ya shule.

Mwaka 1959 Cadillac ilitengeneza magari zaidi ya 142,000. Chasisi za kazi hii zilikuwa kama 2,100 tu, wakagawana waunda bodi wote. Kwa hiyo ukivunja taa au bampa la mbele, spea utapata, kwa sababu ni sawa na za Cadillac ya kawaida. Ukivunja mlango wa nyuma, ukikunja paa, ukipasua kioo cha ubavuni, imekwisha. Hakuna duka. Miller-Meteor wa Piqua alifunga 1979, na Superior akauzwa miaka ya mwanzo ya 1980. Unapata tu kwa kulichinja gari jingine la aina hiyo hiyo.

Na wachinjaji nao wapo, tena wengi. Hawa hawaendi uwanjani. Wananunua gari la maiti kwa bei ya kutupa, wanang'oa taa za nyuma, kromu na injini wakavishe Cadillac ya kufungua paa watakayoiuza kwa bei kubwa. Bodi nzima iliyoundwa kwa mkono inaachwa kwenye majani ioze. Ukiwauliza, wanajibu kwamba la maiti halina soko.

Halina soko? Januari 2012 Cadillac ya Miller-Meteor iliyobeba mwili wa Rais Kennedy kutoka hospitali ya Parkland kwenda uwanja wa ndege wa Dallas iliuzwa mnadani kwa dola 160,000. Kwa hiyo kazi ya fundi wa Piqua ina thamani ikiwa imembeba rais, ila ikiwa imembeba mkulima na mke wake na watoto wa kaunti nzima kwa miaka kumi na tano, ni ya kubamiza. Hapo ndipo damu inaponichemka.

Halafu hawajui hata wanachokivunja. Mengi kati ya haya yalikuwa magari ya kazi mbili. Mpaka miaka ya 1960 huduma ya kukimbiza wagonjwa Marekani ilikuwa mikononi mwa watu wa mazishi kwa kiasi kikubwa. Ripoti ya National Academy of Sciences ya 1966 ilisema karibu nusu ya huduma hiyo ilitolewa na wazishi wapatao 12,000. Asubuhi gari linabeba jeneza, usiku linakimbiza mama mwenye uchungu. Nimeshika kwa mikono yangu roli za sakafuni, zile za kutelezeshea jeneza, za Miller-Meteor moja: unavuta kishikizo, unaigeuza roli chini juu, sakafu inakuwa tambarare, machela inakaa. Zinageuka laini mpaka leo. Nani ataunda kitu kile sasa hivi?

Kinachoniudhi kuliko vyote ni hiki. Mashindano mengi siku hizi yanakataza magari ya maiti. Msidhani ni kwa heshima. Wanayakataza kwa sababu fremu yake ni ngumu mno, linawamaliza wengine wote. Uimara wa kazi ya mafundi ndio umegeuzwa sababu ya kuyatafuta kule ambako bado yanaruhusiwa.

Na ninyi ndugu zangu Waswahili wa huku mnaonipigia simu kuniambia natafuta mkosi, kwamba mtu mwenye akili zake hafugi gari la maiti nyumbani, nimewasikia. Marehemu waliopelekwa nalo kaburini hawajanidhuru. Aliyenidhuru ni mtu mzima aliyekula yamini kwa mkono kisha akaliuza gari nyuma ya mgongo wangu.

Kama una jamaa anayefanya kazi kwenye kampuni ya mazishi Ohio, Indiana au Illinois, na kuna gari kuukuu chini ya turubai, hata kama injini imekufa, niandikie inbox. Fungua mlango wa dereva, piga picha kisahani cha muunda bodi na hali ya sakafu ya nyuma. Bei ya mtu wa uwanjani nitaifikia, na safari hii tutaandikishana siku hiyo hiyo. Trela ninayo.