Dhahabu ya visanamu inanitokea kama bizari, mnafanyaje ionekane dhahabu kweli?

Fundi_Mdogo (Dar)

Wakuu habari za jioni. Huu ni mwezi wa nne tangu nianze kupaka rangi visanamu vya mchezo wa mezani, kaka yangu yuko Uingereza alinitumia boksi la wale Stormcast Eternals wa Warhammer na toka siku hiyo kila usiku watoto wakishalala mimi niko mezani na taa. Ngozi naweza kiasi, vitambaa naweza, lakini dhahabu imenishinda kabisa, na hawa jamaa ni dhahabu mwili mzima kuanzia kofia mpaka buti, yaani ukikosea dhahabu umekosea kila kitu.

Nilichofanya ni hivi: nimepuliza praima nyeupe, nikapaka rangi ya dhahabu iitwayo Retributor Armour moja kwa moja toka kwenye kopo, mkono wa kwanza haukufunika, nikaongeza wa pili, nikaongeza wa tatu, sasa imekuwa nene mpaka mistari ya deraya imezibika na bado ukiangalia unaona njano tu kama mtu kapaka bizari. Haina uhai. Nikapuliza vanishi isiyong'aa nikidhani itatulia, ndo ikafa kabisa. Halafu cha ajabu ile nyekundu niliyopaka kwenye joho baadaye ina vimeremeta vidogo vidogo, sijui vimetoka wapi.

Nataka mtu akikishika mkononi aone dhahabu, asione rangi. Nimebakiwa na wanane sijawagusa na sitaki kuwaharibu, msaada tafadhali.

Brashi_Sifuri (Nairobi)

Pole ndugu na karibu, hiyo bizari tumeipitia wengi. Nianze na vimeremeta maana hiyo ni rahisi: ulisuuza brashi ya dhahabu kwa maji, kisha ukatumia maji hayo hayo na nyekundu. Rangi za metali si kama zingine, ndani kuna vipande vidogo sana vya mika, lile jiwe linalometameta, hivyo ndivyo vinarudisha mwanga, na vikishaingia kwa maji vinabaki humo. Weka vikombe viwili na brashi ya metali iwe yake peke yake. Na usiiweke kwa ile paleti ya sponji na karatasi, inanyonya maji na vipande vinajitenga na rangi, tumia kigae ama kisahani kikavu tu. Kopo nalo ulitikise sana kabla ya kufungua, vile vipande vinatuama chini.

Sasa hiyo nyeupe. Rangi nyingi za dhahabu hazifuniki vizuri kwa sababu vile vipande vinapitisha mwanga, kwa hivyo chochote kiko chini kitaonekana. Nyeupe chini inakupa njano. Paka kahawia yenye wekundu kwanza, Mournfang Brown ama ya kampuni ya Vallejo inaitwa Mahogany Brown (70.846), ikauke kabisa, kisha dhahabu mikono miwili myepesi, sio mitatu mizito. Mafundi wa zamani Ulaya waliokuwa wakibandika karatasi ya dhahabu kwa fremu na picha za makanisani walikuwa wanapaka udongo mwekundu chini kwanza, sababu ni hiyo hiyo, karatasi yenyewe ni nyembamba mno na wekundu wa chini unaipa joto.

Halafu woshi, ile rangi ya majimaji ya kutia kivuli, ya Reikland Fleshshade, lakini usiimwage mwili mzima kama chai, ielekeze na ncha ya brashi kwa mikunjo na chini ya misumari ya deraya. Subiri nusu saa. Rudisha Auric Armour Gold sehemu zilizoinuka, malizia na Liberator Gold ukiitia Stormhost Silver kidogo, hiyo ni kingo za juu peke yake. Na vanishi isiyong'aa usiipitishe juu ya metali, inaua ile mika. Tumia ya satini, yenye mng'ao wa wastani, ama puliza isiyong'aa ukimaliza vitambaa na ngozi, ndio upake dhahabu mwisho.

Huyo uliyemharibu usimtupe. Kama ni wa plastiki mloweke kwa alkoholi ya isopropili usiku mmoja, msugue na mswaki mzee, rangi itatoka. Tina ya rangi za mafuta usiguse, inayeyusha plastiki.

Fundi_Mdogo (Dar)

Aisee asante sana mkuu. Jana usiku nimejaribu kwa mmoja na ile kahawia chini, tofauti ni kubwa, bizari imeondoka. Lakini bado kuna kitu. Ukimwangalia ni dhahabu, sawa, ila ni dhahabu ya karatasi ya zawadi. Bega ni mviringo lakini machoni linaonekana bapa, kila upande uko sawasawa. Nimeongeza woshi mara mbili ikawa chafu tu, sijui nakosea wapi.

Binti_wa_Sonara (Maskati)

Asalaam aleykum nyote. Kwenye visanamu mimi bado mwanagenzi, nilianza mwaka jana na wanangu, ila baba yangu alikuwa sonara Unguja kabla hatujahamia huku Maskati, nimekulia nyuma ya meza ya dhahabu, na nikisoma hapo juu naona swali la Fundi halihusu kopo gani tena, linahusu namna dhahabu inavyoonekana.

Fanya hivi kaka yangu. Azima pete ya mkeo au bangili ya mama, ile laini isiyo na nakshi. Zima taa zote ubaki na moja, iweke pete chini yake, fumba jicho moja uitazame kwa dakika nzima bila kuitikisa. Sehemu kubwa ya pete hiyo haina unjano. Ni kahawia, pengine kahawia iliyokaribia weusi, halafu pana ukanda wa rangi ya asali, halafu mng'aro wenyewe ni kamstari kembamba kama uzi, na hako kamstari katikati yake ni keupe. Na giza limekaa bega kwa bega na mwanga. Kitambaa kinatoka kwenye kivuli kwenda kwenye mwanga polepole, dhahabu iliyosuguliwa inaruka. Wewe umepaka asali mwili mzima ukasahau giza na ukasahau uzi mweupe, ndiyo maana bega lako ni bapa.

Sasa isogeze pete karibu na kanga nyekundu. Umeona? Imekuwa nyekundu upande ule. Dhahabu inabeba kilicho mbele yake. Kwa hiyo askari wako mwenye joho jekundu, upande wa deraya unaogusana na joho utie wekundu mwembamba sana, kidogo tu, na juu kunakotazama mbingu pawe peupe zaidi. Hapo ndipo jicho linapoamini.

Jingine ni kivuli. Dhahabu inameza mwanga wa buluu na kurudisha njano na nyekundu, ndiyo maana hata gizani ina joto. Ukitia nyeusi tupu kwenye njano unapata ukijani wa mzeituni, mchafu, nadhani ndio ule uchafu uliouona. Giza la dhahabu litoke kwenye kahawia iliyoiva, Rhinox Hide inafaa sana.

Na kuna dhahabu na dhahabu. Karati 18 ina dhahabu asilimia 75, zilizobaki ni shaba na fedha, karati 21 ambayo huku Ghuba ndiyo watu wanaipenda ina asilimia 87.5. Shaba ikizidi inaelekea wekundu, fedha ikizidi inapauka. Baba alikuwa akiangalia mkufu mlangoni tu mteja hajaingia anajua umechanganywa na nini. Kwenye brashi ni vilevile, tone la rangi ya shaba ndani ya dhahabu kwa askari wa kawaida, tone la fedha kwa kamanda wao, na kikosi kizima hakifanani kama kimetoka kopo moja ingawa kopo ni moja.

La mwisho, nina bangili ya bibi yangu hapa mkononi ninapoandika. Ndani ya nakshi kumeganda weusi wa miaka, kingo zilizosuguana na mkono zinawaka. Kwa hiyo mng'aro wa mwisho uweke panapoguswa, kwenye ukingo wa ngao, mpini wa nyundo, goti, kidole. Na msimpake ule ukijani wa kutu kama watu wanavyopaka siku hizi, ukijani ni wa shaba, dhahabu haili kutu.

Kivuli_na_Nuru (Leeds)

Dada umeeleza vizuri mno, hicho ulichokiona kwenye pete ndicho kinachofanywa na wale wanaopaka dhahabu bila rangi ya metali hata tone moja. Ukitazama washindi wa Golden Demon, yale mashindano ya kupaka visanamu ya Games Workshop, wenye Warhammer, yaliyoanza hapa Uingereza mwaka 1987, utawaona wengi wa hao. Wanatumia rangi za kawaida tu. Mimi yangu natumia Vallejo: naanza na Black Brown (70.822), napanda Mahogany Brown, halafu Yellow Ochre (70.913), halafu Ice Yellow (70.858), mwisho nukta nyeupe. Ule mruko wa giza na mwanga unauchora mwenyewe, na kwenye silinda kama mguu unaweka mistari miwili ya mwanga, mmoja mpana na mmoja mwembamba upande wa pili kama mwanga unaorudi kutoka ardhini.

Ila nikuambie ukweli Fundi, usianzie hapo na wale wanane. Njia hii inakula muda, bega moja laweza kuchukua jioni nzima, na inapendeza zaidi ukitazama kutoka upande mmoja, kwenye picha hasa. Mezani kisanamu kinageuzwa, rangi ya metali inawaka yenyewe kila ukigeuza, hiyo ni faida kubwa usiitupe. Ninachofanya mimi siku hizi ni kuoanisha: rangi ya metali, lakini giza na mwanga nimeviweka kwa mkono. Retributor juu ya kahawia, halafu Rhinox Hide iliyozimuliwa sana na maji, myembamba kama chai ya rangi, napitisha mara nne tano kwenye nusu ya chini ya kila kipande, kila mkono ukauke kwanza. Hiyo rangi isiyo na mika inazima mng'aro pale unapotaka giza. Woshi inakwenda inakotaka yenyewe, hii inakwenda unakoipeleka wewe, tofauti ndiyo hiyo. Na kwenye giza la ndani kabisa naweka Druchii Violet kidogo, zambarau ni kinyume cha njano, inafanya njano jirani yake iwake zaidi. Kidogo lakini, isionekane kama zambarau.

Pwani_Brashi (Mombasa)

Kwa walioko pwani naongeza moja tu, unyevu. Nilipuliza praima asubuhi baada ya mvua, nje hewa nzito, ikakauka ina vumbi vumbi kama unga, na dhahabu juu ya hiyo haikukaa vizuri hata ningefanya nini. Ngoja jua la saa nne tano, kopo lilowekwe kwa maji ya uvuguvugu kidogo, puliza kwa mikupuo mifupi, ama achana na kupuliza upake praima kwa brashi. Na feni zima, rangi inakauka kwa ncha ya brashi kabla hujafika kwa bega. Tone moja la dawa ya kuchelewesha kukauka linasaidia sana, hasa na metali.

Fundi_Mdogo (Dar)

Wakuu nimerudi. Siku nne zimepita, nimemfanya mmoja tu, lakini nimemfanya.

Pete ya mke wangu nimeiazima kweli, nimezima taa nikaitazama, na binti wa sonara nakuapia sikuwahi kuona kwamba pete ni nyeusi. Miaka tisa naiona kidoleni kwake. Nikachora mahali mwanga unapokaa kwa penseli kwenye karatasi kwanza, halafu ndo nikashika brashi. Kahawia, dhahabu mikono miwili, kisha ile Rhinox nyembamba kama chai, nimepitisha mara sita kwenye bega la kushoto, mara tatu za mwanzo nilidhani hakuna kinachotokea, ya nne bega likaanza kuzunguka. Yaani likawa mviringo. Kamstari ka fedha nimekaweka juu kabisa, kembamba nikishusha pumzi, na nukta moja ya mwangaza kwenye msumari. Feni nilizima nikatoka jasho lakini brashi haikukauka.

Mke wangu akaja na chai, akamchukua, akamgeuza chini ya taa huku na huku, halafu akaomba pete yake akaiweka kando yake. Hakusema kitu, akakaa akaendelea kuangalia.

Kesho naanza wa pili. Swali moja limebaki: kwenye ngao yao kuna nakshi ya radi imeinuka, dhahabu juu ya dhahabu. Nikipaka zote sawa inapotea.

Binti_wa_Sonara (Maskati)

MashaAllah. Nakshi ifanye karati nyingine. Uso wa ngao utie tone la shaba uwe mwekundu na mzito, radi utie fedha ipauke, na kati yao pitisha uzi wa kahawia pande zote za radi kwa brashi yako ndogo kabisa. Sonara anafanya hivyo hivyo, anachimba pembeni ya ua ndipo ua linapoinuka. Ukimaliza weka picha, na ipige chini ya taa moja.