Ushauri: Mama watoto anataka tuache cheki, bili zote tulipe mtandaoni

Bahasha Nyeupe: Wakuu salaam. Nipo Columbus, Ohio. Kodi ya nyumba, umeme, maji, vyote nalipa kwa cheki: naandika, nabandika stempu, naposti. Mama watoto kashupalia tuhamie mtandaoni. Naogopa wezi wa mitandao. Wazoefu, usalama ukoje?

Dada Mkubwa: Usalama gani kaka, wakati namba ya akaunti yako imechapwa chini ya kila cheki? Wezi wa posta huko wanafuta wino kwa kemikali, wanaandika majina yao. FinCEN, kitengo cha serikali ya Marekani cha kupambana na uhalifu wa fedha, walitoa tahadhari Februari 2023. Mtandaoni ukiona makato ya wizi, wahi benki. Usivushe siku 60 tangu wakutumie taarifa ya akaunti, sheria inakulinda.

Kichwa Ngumu: Mimi nilikosea tarakimu moja nikamnunulia jirani umeme wa LUKU. Akanikaribisha ugali, hela hakurudisha. Usithubutu.

Mzee Kipara: Mwanamke akishaona salio, umekwisha.

Dada Mkubwa: Mleta uzi, unaogopa wezi au tarehe? Kodi lini, mshahara lini?

Bahasha Nyeupe: Kodi tarehe 1. Mshahara ni kila wiki mbili, mara nyingi unaangukia baada ya hapo. Cheki ikiwa njiani, hela inaingia. Mtandaoni inachomoka papo hapo. Sijamwibia mtu. Na boksi jipya la cheki nimeshaagiza.

Dada Mkubwa: Mchezo huo ulikuwa wa zamani. Tangu 2004 sheria inaruhusu benki zipelekeane picha badala ya karatasi, na mwenye nyumba anaweza kuipiga cheki picha kwa simu akiwa sebuleni. Ikigonga mwamba, faini ya benki na ya kwake zote zako. Tumia huduma ya bili ya benki yako, tarehe unapanga mwenyewe. Asiyepokea kielektroniki, benki inamchapia cheki na kumpostia. Ila mshahara wa kabla ya tarehe 1 unaenda wapi?

Bahasha Nyeupe: Kuna kibanda najenga Kibaha, tupo kwenye lenta. Mama watoto hajui. Nataka iwe sapraizi, msinihukumu.

Mama Ubuyu: Sapraizi! Wa kwangu naye alijenga sapraizi, nikaikuta ina mpangaji mwenye mimba. Wanaume muogopeni Mungu.

Mzee Kipara: Si nilisema salio?

Kichwa Ngumu: Ngojeni. Juzi kwenye uzi wa bajaji huyu alisema kanyeshewa Mbagala Rangi Tatu. Hii chai, leteni vitafunwa.

Bahasha Nyeupe: Nilikuwa likizo.

Kichwa Ngumu: Kodi huna, nauli ya ndege unayo?

Bahasha Nyeupe: Nilikuja kusimamia lenta.

Mama Ubuyu: Na nyumbani uliaga unaenda wapi?

Mzee Kipara: Mwacheni. Mleta uzi, fundi wako anatoza lenta shilingi ngapi? Nina kiwanja Mlandizi.