Fundi anataka kuyatoa masega ya gari, nimruhusu?

MwanaKuchele: Wakuu, habari za humu. Nipo Mtwara mjini. Gari dogo la petroli, cc 1500, limekosa nguvu toka wiki jana. Napanda mlima nikitoka Newala, nakanyaga mafuta hadi mwisho, linaguna tu, halivuki 40. Taa ya cheki injini inawaka. Fundi kapima kwa mashine, imekuja namba ya kosa P0420. Kagonga egzosi kwa mpini wa spana, ndani kukasikika kwarakwara kama njugu kwenye kopo. Anasema masega, kile kisafisha moshi cha ndani ya egzosi, yamekufa, ayatoe aunge bomba tupu. Usingizi sipati. Nimruhusu?

DerevaMasasi: Toa mkuu. Langu mwaka wa tatu halina, linaruka kama swala.

SpanaKumiNaNne: Usitoe kwanza. Masega ni kauri yenye vitundu vidogo, imepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa moto ukipita humo, kaboni monoksaidi na mabaki ya petroli vinageuka kaboni dayoksaidi na maji. Oksaidi za nitrojeni zinarudi kuwa nitrojeni. Hayaliki kama pedi za breki. Yakiyeyuka au kuvunjika, kuna kilichoyaua. Silinda ikimisi, yaani isipochoma petroli yake, petroli mbichi inakwenda kuungulia mle ndani. Sema ukweli: linamisi? Na gari ni lako?

MzeeWaPantoni: Enzi zetu petroli ilikuwa na madini ya risasi, na risasi inayaua masega haraka. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 tulivuka Rufiji kwa pantoni. Foleni ikikwama, tunalala juu ya magunia ya korosho. Nyie mna lami, bado mnalalamika.

MwanaKuchele: Shikamoo mzee. Mkuu Spana, lilikuwa linamisi kama miezi miwili, nikawa nasukuma siku. Gari ni la shemeji, mume wa dada yangu, yuko Dar, kaniachia mpaka msimu wa korosho. Na fundi kanipa elfu sitini ya kishika, akiyauza masega atanimalizia. Hela imeshakwenda kwenye ada ya mtoto. Lakini jamani, kitu kimekufa, kina kazi gani? Shemeji anataka gari linalotembea.

MamaTandahimba: Kumbe umeshauza! Mali ya mume wa dada yako, mwenyewe hajui. Siku ndoa ikitikisika utasema nini, mwanangu?

MachoMikindani: Hii chai. Newala ipo juu, ukitoka huko unashuka. Mlima gani huo unaupanda?

DerevaMasasi: Duh, kweli. Leteni vitafunwa.

MwanaKuchele: Nilikosea kuandika, haki ya Mungu. Nilitoka Masasi kwenda Newala, zile kona za kupandia. Ilikuwa usiku. Nikasimama, nikainama: bomba chini ya gari jekundu kama mkaa wa jikoni. Nilidhani linashika moto.

SpanaKumiNaNne: Huyu hatungi. Wekundu ule ndio petroli mbichi niliyosema. Na P0420 maana yake sensa ya oksijeni ya nyuma inaona moshi uleule unaoonwa na ya mbele, yaani masega hayasafishi tena. Ukiweka bomba tupu, taa itaendelea kuwaka na kinacholifanya limisi kitabaki palepale. Tena kaboni monoksaidi haina harufu. Kiungo kikivuja chini ya sakafu, wanaoivuta ni abiria wako. Kesho fungua plagi zote nne, zipange kwa mfuatano wake. Kisha fundi afungue sensa ya mbele, uendeshe kidogo. Nguvu ikirudi, ujue masega yameziba.

MachoMikindani: Haya, tulete picha basi.

MwanaKuchele: Nimerudi, picha haipandi, mtandao mzito. Plagi tatu kavu, rangi ya chai ya maziwa. Ya pili nyeusi, imelowa, inanuka petroli, na koili yake, inayoipa plagi umeme wa cheche, ina ufa. Sensa ya mbele ilipotoka, gari likavuta, kelele nyingi lakini likavuta. Fundi mwenyewe kanyamaza.

SpanaKumiNaNne: Badili koili na plagi kwanza, halafu ndiyo mtafute masega mengine. Ukianza na masega utayaua tena.

MamaTandahimba: Na shemeji?

MwanaKuchele: Nimepiga, kapokea dada. Kasema elfu sitini iwe imerudi kwa fundi kabla ya magharibi, ndipo atampa mumewe simu. Natafuta wa kunikopesha.